Majivu Chini ya Kitanda

Wazazi wangu, shikamooni. Ndugu zangu wa jumuiya, nimeombwa na mimi niseme. Nimeandika kwenye daftari kwa sababu nikisimama mbele za watu ulimi unakauka. Mnivumilie nikisoma nimeinama.

Kabla ya kuhamia hapa kijijini tulipanga chumba Korogwe, baba akikata mkonge kule Mazinde. Nilikuwa nimeshaanza sekondari, na nilikuwa bado najikojolea kitandani. Basi, nimeshalisema. Kitanda kilikuwa cha kamba, mali ya mwenye nyumba, na sakafu ilikuwa ya udongo, mkojo ukiila taratibu. Kila asubuhi nilimwaga majivu pale chini kuzuia harufu. Mama alijua. Hakuwahi kunisema.

Siku ya kuhama, baba alikuwa ametangulia na lori la mizigo. Bibi mwenye nyumba akaja kukagua chumba pamoja na balozi wetu wa nyumba kumi, maana pale unakabidhi mbele ya shahidi, kusije kukawa na maneno baadaye. Mlango ulikuwa mzima, komeo lipo, kuta mama alikwisha kuzikandika upya. Kisha wakavuta kitanda.

Ndugu zangu, palikuwa na shimo kama karai, bichi, limejaa majivu, linanuka uchachu.

"Majivu chumba cha kulala?" bibi akauliza. "Mlikuwa mnapika nini humu?"

Jirani mmoja aliyesimama mlangoni akadakia, "Gongo. Mnadhani mlango ule ulikuwa unafungwa bure?"

Mama akasema ni mtungi ulivuja.

"Mtungi wa wapi huo unaovuja majivu?" jirani yule akauliza. Watu wakacheka.

Balozi hakucheka. "Mama, gongo ni pombe haramu, siwezi kuinyamazia. Itabidi twende kituoni."

Mama alinitazama mara moja tu, akamfunga mdogo wangu mgongoni. "Basi twende," akasema.

Nikasema shikamoo. Sijui kwa nini, nilikuwa nimeshawaamkia wote. Halafu nikasema, "Ni mkojo. Ni wangu mimi. Na majivu nilimwaga mimi."

"Msomi wetu huyo," jirani akasema, na kicheko kikafika hadi barabarani. Bado nakisikia, hata sasa ninaposoma.

Bibi akainama, akachukua udongo kidogo, akaunusa. "Gongo hainuki hivi. Nimelea watoto saba mimi." Akanigeukia. "Umeharibu, utatengeneza. Kachote udongo mwekundu."

Balozi akaongeza, "Na ni haki yake apewe nafasi ya kutengeneza kabla hatujasema neno lingine. Nanyi mlioko mlangoni, hamkupanga humu."

Nikauchimba udongo ule mbichi, nikaubeba kwa karai nikipita mbele ya majirani walewale. Nikajaza mpya, nikashindilia. Bibi akapakanyaga kwa kisigino. "Chumba changu nimekipokea," akasema.

Namshukuru yeye, na balozi, na mama yangu aliyekuwa tayari kubeba jina ambalo si lake. Nilichojifunza ni hiki: ulichoharibu kwa watu, kiseme mapema, ukitengeneze. Ukikifukia, kesho atafukuliwa mwenzako.

Sijapona kabisa. Ila siku hizi nikiamka nimelowa, jamvi langu nalianika mbele ya nyumba, siyo nyuma. Mkipita mtaliona.