Kahawa Tu, Shangazi

Benchi letu liko kati ya kinyozi na duka la simu, na asubuhi ile wote tulikuwa roho juu. Shangazi wa mchumba wa Kinyozi alikuwa njiani kuja kumwona. Akimkataa, ndoa hakuna. Kinyozi alikuwa amejinyoa mpaka kidevu kinang'aa, na bado anajipapasa. Waya, fundi wetu wa kompyuta, yeye anakunywa kahawa kwa raha zake.

— Wewe Waya, si leo unaweka programu kwenye kompyuta zote za shule? aliuliza Hakimu, ambaye hajawahi kuwa hakimu ila hukumu anatoa.

— Zinajiwekea zenyewe, mzee wangu. Programu ukiiweka huwa inauliza maswali: lugha gani, saa za wapi, masharti umekubali? Zamani nilikuwa nashinda pale nikijibu moja moja. Sasa majibu nimeyaandika mapema. Mashine ikiuliza, inajijibu.

— Lo! Kumbe hata mahakamani mtu angepeleka majibu yake, mwenyewe akabaki kulala!

— Na kaburini pia, nikadakia.

— Niandalieni na mimi jamani! Kinyozi akaruka. Nikimwona yule mama ulimi utakufa ganzi.

Basi tukaandaa. Hakimu akajifanya shangazi, sauti kaibana puani. Kazi yako? "Kinyozi, duka ni langu." Unakunywa nini? "Kahawa tu." Una mke mwingine? "Hapana, shangazi, naapa!" Utamtunza? "Kwa moyo wote." Kinyozi akayakariri kwa mpangilio huohuo, macho kayafumba.

— Na shangazi akiuliza vingine? niliuliza. Mchezo huu sikuupenda hata kidogo.

— Acha mkosi wewe! alisema Waya. Mashine zangu mbona zinafuata mpangilio?

Mara mama mmoja mwenye mkoba mkubwa akasimama mbele yetu.

— Hamjambo wanangu? Ni yupi kati yenu...

— Kinyozi, duka ni langu!

— Ahaa. Na kwa binti yetu unataka nini?

— Kahawa tu.

— Makubwa! Kwani kumuoa unataka?

— Hapana, shangazi, naapa!

— Wewe kijana, unanichezea?

— Kwa moyo wote.

Hakimu alijifunika uso kwa kofia. Waya kahawa ilimpalia. Mimi nilimwonea Kinyozi huruma. Majibu yalikuwa yamekwisha, na shangazi bado yupo.

Alimtazama Kinyozi kuanzia viatu mpaka kile kidevu.

— Haya. Binti yetu akikasirika, huwa anafanyaje?

Kinyozi akamgeukia Waya. Waya akachungulia kikombe chake. Hakimu, mwenye jibu la kila kitu, hata kofia hakuiondoa usoni.

— Anafagia, Kinyozi akasema taratibu. Anafagia huku anaimba, tena kwa nguvu. Nikimnyang'anya ufagio, nimekwisha. Kwa hiyo mimi huwa namsogezea viti tu, apite.

Shangazi akaangua kicheko, akacheka mpaka mkoba ukamteleza begani.

— Ni yeye huyo, ni yeye kabisa! Hebu sogeeni nikae.

Tukasogea wote kwa mpigo, Hakimu nusura aanguke.

— Utakunywa nini, shangazi? aliuliza Waya.

— Kahawa tu.