Ushuru Usianze Kabla Sijamaliza

Mheshimiwa Diwani, mgeni rasmi wetu. Mwenyekiti wetu wa Omurugando Juu, Mzee Byarugaba, shikamoo. Mwenyekiti wa Umoja, Mama Restuta, shikamoo na wewe, ingawa siku hizi ni mtu wa nchi za nje. Mchungaji, padri, shehe wetu. Wafanyabiashara wenzangu mliosimama juani kwa sababu viti vilibaki upande wa pili wa mpaka: hamjambo?

Mimi ni Jovitus, yule wa ndoo na kandambili kwenye baiskeli. Shule nilikaa kidogo, tukaachana kwa amani, wala hatukuhitaji mazungumzo. Leo nimepewa kutoa shukrani kwa niaba ya wafanyabiashara, na Mheshimiwa ametangaza wazi: msemaji wa mwisho ni mimi. Nikishasema yale maneno ya kuwashukuru watu kwa kusikiliza, mazungumzo ya biashara yamefungwa, na ushuru wa mpaka unaanza hapo hapo. Mgambo ameshakamata kamba pale barabarani. Mnamwona alivyonikazia macho?

Ndugu zangu, kwani tulitokaje Umoja? Si kibao! Kijiji kilikuwa kimoja, kinaitwa Umoja, kibao kikasimikwa kule chini kwa akina Mama Restuta. Sisi wa juu tukasema haiwezekani mgeni asome jina letu kabla hajapanda mlima. Tukapiga kura, tukajitoa. Tulichinja, tulicheza! Asubuhi tukabeba kahawa kwenda kukoboa, ndipo tukakumbuka: mashine iko kwao.

Basi mazungumzo yakaanza. Nilikuwepo, nikiwauzia karanga wajumbe wa pande zote. Mama Restuta akasema, "Kila kinachovuka mpaka kiache kipande. Mkungu wa ndizi uache chane."

Mzee wetu akamuuliza, "Na mbuzi aache nini?"

Mama akaomba karanga nyingine.

"Mama, si nakuuliza? Mbuzi aache nini?"

"Mzee, usinichokoze. Aache mkia."

"Na akirudi jioni?"

Mkia ule ulikula msimu mzima wa maharage. Wakaja kwenye kahawa: inashuka na maganda, inarudi uchi. Je, maganda yamehama au yako matembezini?

Wakachoka, wakaandika sentensi moja tu: "Hakuna ushuru mpaka mazungumzo yaishe." Mzee Byarugaba, baba yangu, niwie radhi nikuseme. Yeye alisikia kuna mpaka mwingine, jina lake Mazungumzo. Akatuma mgambo wakautafute. Wakarudi na matope mpaka magotini, wakasema, "Mzee, mpaka wa Mazungumzo hatujauona. Labda uko Uganda." Msicheke! Wenzenu walitembea kweli.

Sasa mtazameni dada yetu Mwanahalima. Simama, dada, wakuone. Nyumba yake ilikuwepo kwanza. Mpaka ndio ulimkuta, ukaingia bila hodi, ukapita katikati. Jiko liko Umoja, benchi la wateja liko Juu. Chapati ikitoka jikoni tu, imeshasafiri nje ya nchi! Ushuru ukianza, kila moja itaacha robo mlangoni. Jana nikamuuliza, "Sasa utafanyaje?" Akanijibu, "Jovi, nani atanunua chapati iliyong'atwa na serikali? Nafunga jiko, naenda Bukoba kwa dada zangu." Alisema huku anacheka, lakini masufuria alikuwa ameshayafunga kwenye kanga.

Nani kati yenu hajanywa chai pale leo? Mheshimiwa Diwani, una mafuta kidevuni. Hapo kushoto. Usiogope, si magendo, mazungumzo bado hayajaisha.

Naona unatazama saa, Mheshimiwa. Namaliza. Ila Mama Restuta alinikaribisha kwa kahawa ya kutafuna, punje kavu hizi hapa mfukoni. Na kwetu, uwe wa Juu au wa Umoja, mtu mwenye kahawa mdomoni hakatizwi, wala hahesabiwi amemaliza: anapumzika. Nadanganya, Mzee? Mzee anaitikia. Nadanganya, Mama? Mama naye anaitikia! Jamani, tangu siku ya kibao hawa wawili hawajawahi kukubaliana.

Basi hii hapa, naiweka mdomoni mkiona. Sijamaliza. Napumzika mpaka kahawa iive tena shambani, na kipaza sauti naondoka nacho, kisije kikamalizia kwa niaba yangu. Mgambo, kunja kamba, ndugu yangu. Dada Mwanahalima, fungua kanga, rudisha masufuria, mwongezee Mheshimiwa chai.

Na yale maneno ya kuwashukuru kwa kunisikiliza ninayo, ndugu zangu, tena matamu. Ila leo siyasemi.