Sikukuu Aliyoichagua Mama Scholastika Wambura (1953–2025)

Ndugu, majirani, na wote mlioacha shughuli zenu za wiki hii ya sikukuu mkaja kusimama nasi hapa Kiabakari, familia inaomba mtuvumilie kidogo tuwaeleze huyu tunayemlaza leo alikuwa nani. Wengi mnamjua kwa jina la Mama Edwin. Wengine mnamjua kwa visheti vyake tu.

Scholastika Nyangeta Wambura alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 katika kijiji cha Butiama, mtoto wa pili kati ya sita wa mzee Wambura na mkewe Wakuru. Dada yake Anastazia, ambaye tuko naye hapa, anasema tangu utotoni marehemu hakuweza kuweka kitu mdomoni bila kukinusa kwanza. Alichapwa mara nyingi kwa hilo, maana mbele ya mwenye chakula ilionekana dharau. Fimbo hazikusaidia. Alinusa mpaka mwisho wa maisha yake.

Alianza darasa la kwanza Butiama mwaka 1962 na kumaliza la saba mwaka 1968. Alifaulu, lakini nafasi za wasichana zilikuwa chache na nyumbani ada ilikuwa ya mtoto mmoja, na huyo mmoja alikuwa kaka yake. Hilo alilisema mara chache sana, kwa sauti ya kawaida, huku akipepeta kitu. Mwaka 1970 masista wa Musoma walimpokea kwenye mafunzo ya upishi na ushonaji. Ushonaji haukumwingia. Upishi ulimwingia wote. Huko ndiko alikojifunza keki ya sufuria, ile ya mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, na visheti. Kupima visheti alikuwa na namna yake: anavunja kimoja karibu na sikio. Kikilia, kimeiva. Kikinyamaza, vyote vinarudi kwenye mafuta.

Tarehe 8 Novemba 1975 alifunga ndoa ya kanisani na Thadeo Ryoba, fundi wa mitambo katika kiwanda cha kuchambua pamba Bunda. Mzee Thadeo alikuwa mtu wa kula chochote kilichoiva, na watu walishangaa wawili hawa walipendania wapi. Mungu aliwajalia watoto watatu: Edwin, Hana na Diana. Mji wa mzee Thadeo, hapa hapa tulipo, ulikuwa na utaratibu ambao marehemu aliukuta na kuushika: siku ya sikukuu hakuna anayekula mpaka mkubwa wa mji aonje kila kilicholetwa. Wenyewe wanaita kufungua. Kama hajafungua, hata mtoto analia chakula kikiwa mbele yake. Mzee Thadeo alifungua mpaka alipofariki tarehe 2 Juni 2011. Baada yake kazi hiyo ikawa ya marehemu, na hapo ndipo shida yetu ilipoanzia.

Lakini kwanza kazi yake. Kuanzia mwaka 1974 hadi alipostaafu 2008, Mama Scholastika alikuwa mpishi, na baadaye mpishi mkuu, wa chuo kimoja huko Buhare, Musoma. Siku za Desemba wanafunzi wa karibu waliondoka, wakabaki wale ambao kwao ni mbali. Mwaka 1987 mkuu wa chuo alimwambia awapikie waliobaki wali na nyama, yaishe. Marehemu akachukua kiti, akakaa mlangoni pa jiko, akamwita mmoja mmoja na kumwuliza kwao Krismasi wanakula nini. Kijana wa Bukoba akataka ndizi. Wa Tarime akataka nyama ya mbuzi ya kuchoma na kichuri, ule mchuzi mchungu wa matumbo. Binti wa Lindi akasema wali wa nazi, kisha akaona haya, maana Musoma ile nazi ungeitoa wapi. Marehemu aliwatuma makondakta wa mabasi ya Mwanza. Zikaja nazi mbili, moja imeoza. Ile nzima ikatosha sahani moja, na sahani moja ndiyo iliyohitajika. Mkuu wa chuo alipomwuliza kwa nini anajisumbua hivyo, alimjibu, "Mtu ukimpa sikukuu ya mwenzake, umempa chakula tu." Binti yule sasa ni bibi wa watu, na jana ametupigia simu akilia.

Hili tumelieleza kwa kirefu kwa sababu maalumu. Mtu aliyeuliza wengine miaka yote ile, nyumbani kwake hakuulizwa.

Mwaka 2016 marehemu alipimwa akakutwa na kisukari. Familia haitaki kuandika hapa kwamba aliugua kwa muda mfupi, kama inavyoandikwa. Aliugua miaka tisa, na katika miaka hiyo tisa kila Krismasi ilikuwa vita. Edwin alikuja kutoka Dar es Salaam na keki ya maua ya sukari, biskuti za makopo na chokoleti. Diana alikuja kutoka Mwanza na halua, tende na maboksi ya juisi. Hana, aliyekuwa akiishi naye na kumchoma sindano, alikuwa na mboga za kuchemsha na ugali aliopima kwa kikombe. Vyote vinapangwa mezani mbele ya mama, na kwa utaratibu wa mji vyote vinamsubiri yeye aonje. Anayempenda anamsukumia. Anayempenda zaidi anamnyang'anya.

Krismasi ya mwaka jana, 2024, ndiyo iliyovuka mpaka. Edwin alishika kipande cha keki akasema kidogo tu, sikukuu yenyewe ni mara moja. Hana akamwuliza hiyo mara moja anaihesabuje, maana baada yake kuna mwaka mpya, Pasaka, ubatizo na kipaimara, na kote huko kuna kidogo tu. Diana akasema tende ni tunda, haziwezi kumdhuru mtu. Wakabishana juu ya kichwa cha mama yao kama watu wanaobishana juu ya ng'ombe mnadani. Watoto wamekaa kwenye mkeka, pilau inapoa. Marehemu alikuwa ameweka sahani tupu mapajani. Alisubiri wanyamaze, na walipochelewa kunyamaza, akasema bila kupandisha sauti:

"Ninyi wawili mnaletaga mnavyovipenda ninyi, halafu mnaniita nifungue. Na wewe Hana unanipimiaga ugali kama dawa ya mifugo. Mimi humu ndani nimekuwa nini, kopo la kujazwa au kifuniko cha kufunuliwa?"

 Akaongeza, "Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza, Mama, Krismasi unataka kula nini."

Edwin ndipo akauliza. Marehemu akasema kwa leo hataki kitu, wamechelewa, mwakani atachagua mwenyewe. Akanywa funda la maji, akasema amefungua, watu waanze kula. Wakala, lakini mnajua chakula cha namna hiyo kinavyopita kooni.

Mngetegemea watoto wakumbuke. Mwezi uliopita Edwin akapiga simu na furaha yake yote kwamba safari hii ameagiza keki isiyo na sukari kabisa, imetengenezwa maalumu, mama atakula hata nusu. Hana akamjibu kwamba hilo lisimsumbue, yeye ameshapanga kuku wa kuchemsha. Wakaanza tena. Simu ilikuwa kwenye sauti kubwa, na marehemu alikuwa amekaa hapo hapo akichambua kunde. Alisikia yote.  Kesho yake alimwambia Hana, "Jumamosi unanipeleka Bunda. Na usije na maneno."

Tarehe 6 Desemba walikwenda. Hana anasema hajawahi kumwona mama yake hivyo tangu astaafu. Sokoni alichukua asubuhi nzima. Mtama mwekundu aliusugua viganjani, akapuliza, akakataa magunia ya watu hadharani. Karanga alizitafuna moja moja na kutema. Alitaka ningu wa kukaushwa kwa moshi, samaki ambaye siku hizi haonekani ovyo, na muuza samaki mmoja aitwaye Kulwa alikuwa nao wachache chini ya kapu. Marehemu akamwinua mmoja mmoja mpaka puani. Kulwa akachoka.

"Mama Edwin, unamnusa kama unamtafutia kijana wako mchumba."

"Mchumba akinishinda namrudisha kwao," marehemu akamjibu. "Huyu nikishamla nitamrudisha wapi?"

Kulwa alicheka mpaka akakaa chini, akamwongezea mmoja.

Kwa ajili ya wajukuu alichagua unga, iliki na sukari ya visheti, maana hakuwahi kutaka watoto wa watu wanyimwe utamu kwa ajili ya ugonjwa wake. Kwa utamu wake mwenyewe alipita halua, akapita keki za dukani bila kugeuza shingo, akasimama kwa mama mmoja mwenye matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa na kukaushwa juani. Mama yake alikuwa akimpa vipande viwili vitatu afunge kwenye pindo la gauni akienda shule. Akachagua vichache, vidogo, vyenye rangi ya asali. Hana akafungua mdomo. Marehemu akamtazama. Hana akafunga.

Jambo ambalo Hana hakuliona siku hiyo, yeye anayeona kila kitu, ni soksi. Joto lile la Bunda na mama amevaa soksi. Chini ya soksi kulikuwa na kidonda kwenye kisigino, cha siku kadhaa, na marehemu alikuwa amekificha kwa sababu alijua kikionekana safari haipo. Kilionekana Jumanne tarehe 9, kikiwa kimeshaharibika. Tarehe 10 alilazwa hospitali mjini Musoma. Madaktari na wauguzi walifanya waliyoweza, na familia inawashukuru.

Edwin alifika tarehe 13 na boksi la keki mkononi. Alilibeba kutoka Dar es Salaam mapajani, hakutaka kuliweka chini. Pale pale kando ya kitanda, yeye na Hana wakaanza habari ya kipande kimoja. Mwanamke wa kitanda cha pili akageukia ukutani. Marehemu alifumba macho akasema, "Mmenichosha. Nyumbani kuna chakula changu. Nani amekigusa?" Hana akasema hakuna. Akasema, "Basi nileteeni."

Daktari aliulizwa, akasema ugali kidogo wa mtama na samaki hauna ubaya. Jumanne tarehe 16, mchana, Hana alifika na hotipoti. Ugali wa mtama wa Bunda, ningu wa Kulwa kwenye mchuzi wa karanga, na tobolwa moja kwenye kitambaa safi. Kilipofunuliwa, marehemu alinusa kwanza, kwa muda mrefu, kwa namna ile ile iliyomfanya achapwe utotoni. Kisha akaomba kijiko. Akaonja mchuzi, akashika mdomoni, akameza.

"Chumvi imezidi," akasema.

Hana akasema atapunguza. Edwin akacheka, na mama yao akamwangalia Edwin akatabasamu kidogo. Tobolwa alilishika mkononi, hakulila. Ugali hakuugusa. Akalala. Jumatano tarehe 17 Desemba 2025, saa nne asubuhi, Mama Scholastika Nyangeta Wambura alituaga, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Inauma, na familia haitaficha kwamba inauma pia kwa hasira. Angepata siku nane zaidi, Krismasi ingemkuta kwenye kiti chake, mezani kuna vitu alivyovichagua kwa mkono wake na pua yake, mara moja tu tangu awe mjane. Hazikupatikana.

Marehemu ameacha dada yake Anastazia, watoto watatu, wakwe watatu, wajukuu tisa na kitukuu mmoja, pamoja na wanafunzi wa Buhare ambao hatuwezi kuwataja wote, kila mmoja akiwa na sikukuu aliyopikiwa.

Mkitoka makaburini, rudini nyumbani mle. Hakuna pilau leo, mtusamehe. Kuna ugali wa mtama, ningu, kunde na mchuzi wa karanga, na majirani wameongezea mtama na samaki wa aina ile ile ili utoshe watu wote. Matobolwa ni machache, wapewe watoto wanaokwenda shule. Visheti wamevipika Hana na Diana jana kwa unga alioununua mwenyewe. Walivivunja karibu na sikio kama alivyofanya. Vingine vililia, vingine havikulia, mtakula vyote. Keki ya Edwin iko ndani kwenye boksi lake. Haikufunguliwa, na ndugu bado hawajakubaliana ifanyweje.

Tangu asubuhi wazee wa mji huu wamekuwa wakiulizana nani atafungua, sasa kwa kuwa mkubwa hayupo. Familia inawajibu kwamba asitafutwe mtu. Chakula hiki alishakionja aliyekichagua, Jumanne, kwa kijiko, na alisema kasoro yake. Kaeni tu mle.

Chumvi tumepunguza, Mama. Mungu akupe mahali pa kupumzika kwa amani, na huko wakuulize unataka nini.