Jina la Dada Marietha Mwishoni mwa Kipindi

Mniwie radhi, wenzangu. Ukurasa huu wa kumuaga Dada mliutaka wiki mbili zilizopita, lakini mwanangu anaota meno na mimi silali. Dada Marietha anastaafu tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka kumi na tisa katika studio yetu hapa Dubai, na siwezi kumwacha apande ndege bila neno.

Alikuja kutoka Bukoba kufanya usafi. Siku moja mwigizaji hakutokea. Sir Mohannad, mwongozaji wetu, akamwona na ndoo yake, akasema, "Wewe, yalla, simama mlangoni." Tangu hapo amekuwa mtumishi wa nyumba katika kila kichekesho tulichotengeneza. Amefungua milango mingi kuliko bawabu yeyote wa hoteli za mtaa wa Muraqqabat.

Ufundi aliutoa kwenye vichekesho vya kale vya Hollywood, vile visivyo na rangi. Kila Ijumaa alitukusanya chumbani kwake, mtaa wa Karama, tumebanana kitandani, sufuria ya ndizi katikati, akituonyesha wanawake weusi waliocheza wajakazi. "Msimtazame bibi harusi," anatuambia. "Mtazameni huyo aliyeshika koti." Na kweli, mama yule anasema maneno matatu, anageuza shingo, kicheko chote anaondoka nacho. Filamu ikiisha ole wako uzime. Dada anasoma majina yanavyopita, mpaka la fundi nguo. La mama yule mara nyingi halimo. Hapo anasonya, anakusanya sahani.

Yapo aliyojifunza kwa wanawake wale, na lipo alilolikataa. Mwaka juzi mswada ulitaka aone mzuka, atoe macho, akimbie akipiga mayowe, kama walivyofanyishwa wajakazi wa filamu zile. "Wale hawakuwa na la kuchagua, sir. Mimi ninalo." Sir akafoka. Kamera ilipowashwa, Dada akamtazama mzuka juu mpaka chini, akamkabidhi sinia la vikombe, akaenda zake. Mpiga picha alicheka hadi picha ikatikisika. Ilibidi kurudia, na sir mwenyewe akaagiza irudiwe vilevile.

Sasa nimekiona kipindi chake cha mwisho, kiko kwa wahariri. Majina yetu yote yamo, hata langu mimi ninayepiga pasi mavazi. Yeye ameandikwa "Mtumishi". Nilipomwambia, alicheka: "Wacha mama, khalas, sura wameiona." Hapana, Dada. Wewe ndiye uliyetufundisha kusoma mpaka mwisho.

Ahsante kwa kutuchekesha na kutulea. Nenda salama, Bukoba ikupokee vizuri, miguu yako ipumzike.

Ninavyovisubiri bado, kabla ya Alhamisi: kwa Azzam wa uhariri, kipindi majina yakiwa yamerekebishwa, si ahadi ya inshallah. Kwa Zulaika wa ofisini, picha ya Dada akiwa hajavaa aproni, hata ile ya Krismasi. Na kwako, Dada Marietha, jina lako kamili, la ubatizo na la kwenu, jinsi unavyotaka lisomeke. Hilo sitalikisia.