Mlinzi Akishapitwa

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa chumvi. Priska alisimama mlangoni akamwambia mumewe asirudi kutoka kijiweni bila chumvi, na Eliezeri akaitika bila kugeuka. Kijiwe chenyewe kilikuwa taruma kuukuu la reli lililolazwa juu ya mawe mawili, ng'ambo ya stesheni ya Same, mahali ambapo picha ya Malkia ilikuwa ikipauka dirishani kwa jua na Mbaraka muuza kahawa aligonganisha vikombe vyake tangu saa tisa. Eliezeri aliitwa Digrii pale, kwa kuwa alikuwa ameileta moja kutoka Marekani. Alasiri ile aliwaeleza wenzake mpira wa Kimarekani mpaka akafika kwa mlinzi wa mwisho. Hapo akaikumbuka chumvi, akaaga. Usiku homa ikampanda Priska. Wiki haikuisha, wakampandisha Mbaga, kwao milimani, kumzika. Karatasi ya chumvi ilibaki rafuni, haijafunguliwa.

Aliporudi kijiweni baada ya siku nyingi, hakuna aliyempa pole ya pili. Za kwanza walikuwa wamezitoa matangani. Melkizedeki, gadi wa treni ya mizigo, ambaye kijiwe kilimwita Breki, alisogea ampe nafasi.

— Uliishia kwa mlinzi wa mwisho, alisema.

Eliezeri akaelewa wanachomfanyia, akakaa.

Walijua pia kilichomkalia moyoni, ila hawakukigusa. Binti yake, Yudith, alikuwa bado Mbaga kwa bibi yake mzaa mama tangu maziko, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Bibi alikuwa ametuma neno kwa dereva wa lori: kama baba hamfuati, mtoto ataandikishwa shule ya misheni huko huko, na asije mtu baadaye kumng'oa. Eliezeri alikuwa amejibu kwamba anafikiri. Ukweli ni kwamba nyumba ilimtisha. Hakujua hata kupika makande, na hakujua atamjibu nini mtoto atakapouliza mama yuko wapi, ndani ya chumba kilekile.

Basi akasimulia mpira. Akawakumbusha kwamba ni kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, kwamba mpira hubebwa kwa mikono na bado wenyewe wanauita wa miguu. Wakati wale wanene wanasukumana katikati, wakimbiaji huchomoka kwenda mbali kupokea mpira wa kurushwa, na hao ndio kazi ya walinzi wa nyuma. Wa pembeni, kila mmoja ana mtu wake. Yeye mwenyewe alicheza pembeni, kwenye chuo cha kanisa huko Nebraska, kwa sababu ya miguu aliyoipata kwenye miteremko ya Mbaga. Wa mwisho hana mtu. Kazi yake ni moja: pasiwe na yeyote nyuma yake.

Asheri, fundi cherehani aliyeitwa Mkasi kwa tabia ya kukata maneno ya wenzake, hakuridhika.

— Mwenye mbio mnamweka nyuma? Wamarekani hawa hata ng'ombe watamfunga nyuma ya mkokoteni.

— Anayeshambulia anajua anakokwenda, Eliezeri alisema. — Mlinzi hajui. Siku zote anaanza akiwa amechelewa. Mbio zake ni za kufidia hilo.

— Na unasema anaanza kwa kwenda kinyumenyume.

— Ndiyo, ili amwone anayemjia. Lakini kinyumenyume kuna kikomo. Mtu wako akishakukaribia, unageuka, unakimbia naye. Ukichelewa kugeuka umekwisha.

— Mbio za sakafuni huishia ukingoni, Mkasi alisema, kama kawaida yake ya kutupa methali popote inapoangukia.

— Hapo umesema kweli, Eliezeri akamjibu. — Mstari wa pembeni ni mlinzi mwenzako. Unambana mtu wako mpaka uwanja umwishie.

Mkasi hakuwahi kupatia methali tangu ajulikane. Akadai kikombe cha pili kwa heshima ya siku hiyo, na Mbaraka akamimina bila kubisha.

Wakauliza mlinzi wa pembeni anamtazama wapi mtu wake. Eliezeri akasema: kiunoni. Macho hudanganya, mabega hudanganya, hata miguu. Kiuno kikienda, mtu mzima ameenda. Mkasi akasema hilo amelisema miaka yote akiwa na utepe mkononi, na kwamba Marekani wangempa kazi. Angewashonea walinzi jezi zenye vioo begani, waone nyuma bila kugeuka.

Breki alikataa vioo. Kwake mlinzi wa mwisho alikuwa gadi hasa: anakaa behewa la nyuma kabisa, na treni ikikatika mlimani ni yeye anayekamata breki. Mtu wa namna hiyo hahitaji mbio. Anahitaji bendera nyekundu, filimbi, na pensheni.

— Nyani, alisema Mbaraka.

Wakamgeukia.

— Nyani wakitoka kwenye mahindi, dume kubwa linabaki mwisho, linarudi nyuma likikutazama wewe usoni. Likigeuka, jua wengine wamekwisha kufika. Yule Mzungu aliyekuja Mkomazi na darubini, mlidhani anatazama ndege?

— Akaipeleka mbinu yao Marekani, Breki alimalizia kwa uzito.

— Akapeleka Marekani.

Hata Eliezeri alicheka, kicheko kidogo kilichomshtua mwenyewe. Akakiweka kikombe chini.

Ni wakati huo ambapo Justa, mdogo wake Priska, alikuja kutoka kwenye lori la Mbaga akiwa na kikapu cha ndizi kichwani. Akasema shikamooni, wakaitikia marahaba wote pamoja. Alikuwa na sauti ya dada yake. Hakukaa. Alitua kikapu na kusubiri, kwa adabu, wamalize mazungumzo yao, na wanaume wale, kwa kuogopa kimya, wakayaendeleza: kinyumenyume, kiuno, behewa la nyuma, nyani. Justa alisikiliza kama mtu anayesikiliza njia ya kwenda mahali asipopajua.

— Na akishapitwa, shemeji? aliuliza. — Mlinzi akishapitwa, anafanya nini?

Breki alianza na treni, akaishia kwenye neno la kwanza. Mkasi alitafuta methali na kwa mara ya kwanza haikuja hata isiyofaa. Eliezeri alilijua jibu. Kocha wake alilirudia jibu lile kila jioni kwa msimu mzima, na miguu yake ililijua. Akakiokota kikombe chake, akamnyooshea Mbaraka.

Mbaraka alitikisa birika. Yalibaki machicha.

— Lori linapanda alfajiri na kushuka jioni, Justa alisema, akijitwika kikapu chake. — Mama anataka jibu. Yudith naye anauliza.

Asubuhi yake Eliezeri aliamka kabla ya kengele ya kanisa. Alichambua mahindi na maharage, akayaloweka kwenye sufuria ya Priska, ya kumtosha yeye na mtoto. Kisha akaongeza konzi moja, kwa sababu mtoto huja na njaa baada ya safari. Akaifungua karatasi ya chumvi. Ilikuwa imegandamana. Akaisaga kwa mgongo wa kijiko, akaimimina koponi, akaiweka karibu na sufuria mahali ambapo jioni ataiona. Kazi hiyo ilimchelewesha. Alikuwa akifunga mlango aliposikia lori likiondoka sokoni.

Alipofika barabarani, lilikuwa limekwisha kumpita, vumbi limesimama nyuma yake. Eliezeri hakulifuata. Barabara pale huzunguka korongo kabla ya kuelekea milimani. Aliinua suruali magotini, akashuka korongoni, akapanda ng'ambo kupitia miba, akikimbia, kama kocha alivyomfundisha, si kuelekea lilipo bali kuelekea litakapokuwa, na Justa, akiwa juu ya magunia, akamwona akitokea ubavuni mwa lori, mkono juu, akagonga paa la dereva ili asimame.