Mwalimu Mwinshehe bin Msabaha na Minazi Iliyopisha Nguzo za Umeme

Wasifu uliosomwa na mtoto wa nduguye, Mbaruku bin Mtoro, katika hitima ya arobaini, Mbegani, Februari 1974

Marehemu Mwalimu Mwinshehe bin Msabaha alizaliwa Dunda, Bagamoyo, mwaka 1912. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Msabaha bin Alawi, mfanyabiashara wa nazi kavu za mbata, na Bi Mize binti Bwanausi wa hapa Mbegani. Kwa upande wa mama alirithi shamba la minazi, na minazi hiyo, pamoja na ya majirani zake, ndiyo iliyokuja kumtia katika mambo tutakayoyaeleza.

Alihitimu Kurani kwa mjomba wake akiwa bado mdogo, kisha akasoma shule ya serikali Bagamoyo hadi mwaka 1928. Walimu walitaka aendelee mbele, lakini baba yake alifariki mwaka huo, naye akarudi nyumbani kumtunza mama na wadogo zake. Hakulalamika. Alisema tu kwamba hesabu za sehemu zilimpita hivihivi, na ndiyo maana kila mirathi aliyoitwa kuigawa aliigawa mara mbili kabla ya kufungua mdomo.

Kuanzia mwaka 1930 alikuwa karani wa forodha Bagamoyo. Mwaka 1946 aliacha kazi hiyo, akahamia Mbegani na kufungua chuo cha Kurani. Wengi waliokaa humu leo walipita mikononi mwake, na baadhi yenu mnaikumbuka fimbo yake ya henzirani. Pamoja na ualimu, alikuwa shahidi wa mauziano. Sote tunajua kwamba huku kwetu ardhi inaweza kuwa ya huyu na mnazi uliosimama juu yake ukawa wa yule. Mtu akiuza minazi, Mwalimu aliitwa, bei ikatajwa, mikono ikainuliwa, Fatiha ikasomwa, na jambo likawa limekwisha. Katika miaka yote hiyo hapana mauzo aliyoyashuhudia yaliyofikishwa mahakamani.

Mwaka 1937 alimwoa Bi Mardhiya binti Alawi wa Pangani. Shemeji zake walitoa sharti kwamba dada yao hatateka maji mbali, kwa hiyo Mwalimu alichimba kisima kwa mikono yake. Shemeji walipokuja kukikagua, maji yalikuwa ya chumvi. Bi Mardhiya akanywa kata nzima mbele yao, akapangusa midomo, akasema, “Matamu.” Kaka zake wakaondoka wameridhika. Kisima cha pili, chenye maji ya kunyweka, kilichimbwa baadaye kwa siri.

Sasa tufike kwenye umeme, kwa kuwa wasifu utakaoliruka jambo hilo utakuwa wa mtu mwingine.

Mwaka 1968 Shirika la Nishati la Mwambao lilianza kupima njia ya laini kubwa kutoka upande wa Dar es Salaam. Shirika hilo lilikuwa limetoka mikononi mwa wageni na kuwa mali ya umma. Tuliambiwa kwamba sasa ni letu, nasi tuliamini. Nguzo zilitakiwa kupita katikati ya minazi ya Mbegani. Aliyekuja kuzungumza na wazee alikuwa Bwanaheri, mzaliwa wa hapa hapa, mwanafunzi wa Mwalimu tangu alifu kwa ujiti, wakati huo ofisa mipango wa Shirika. Aliketi mkekani, akala wali wa Bi Mardhiya, akaeleza mambo kwa ufasaha. Kila mnazi utakaokatwa una fidia yake kisheria. Lakini fidia hiyo itapandisha gharama za mradi, na gharama zikipanda, tawi la kuleta umeme kijijini litafutwa. Wenye minazi wakiiacha fidia, kiasi hicho kitanunulia Mbegani transfoma, na kila nyumba itavutiwa waya.

Mzee mmoja aliuliza kama ahadi hiyo ya transfoma isingeandikwa. Mwalimu alimjibu kwamba kumwandikisha mtu ambaye mmemlea ni kumtia aibu. Akamgeukia Bwanaheri. “Mwanangu, tusome Fatiha?”

“Tusome, Mwalimu.”

Ikasomwa. Bwanaheri aliinua mikono pamoja nao, akaitikia amina na kujipangusa uso. Kilichoandikwa siku ile kilikuwa kimoja tu, yaani karatasi ya wenyeji kuiacha fidia. Waliitia sahihi na dole gumba kwa sababu Mwalimu alikuwa ametangulia kutia yake.

Minazi ikaangushwa mwaka 1969. Bi Chausiku, mjane wa jirani yetu, ambaye alisomesha watoto wake kwa mafuta ya nazi na makuti, alibakiwa na miwili. Mwaka uliofuata laini ikawashwa. Ilipita juu ya mapaa yetu, ikaenda moja kwa moja mpaka hoteli mpya ya watalii ufukweni. Kutoka barazani kwa Mwalimu watu waliziona taa za hoteli hiyo, za rangi rangi, zimefungwa hata mitini. Bi Chausiku aliwaambia wenzake, “Umeme wetu umekwenda kutembea. Ukirudi, mniamshe.”

Haukurudi. Mwalimu alikwenda ofisini kwa Bwanaheri zaidi ya mara moja, na kila mara aliambiwa yuko kikaoni. Ndipo alipopeleka malalamiko kwa Baraza la Bei na Huduma za Nishati, chombo kilichoundwa ili Shirika lisimwonee mwananchi. Baraza lilikaa Dunda mwezi Agosti 1971.

Ni vizuri watu wajue walichoambiwa siku ile, kwa maana Shirika halikuficha. Laini ilijengwa kwa mkopo wa benki ya ng'ambo. Benki iliweka masharti: bei ya umeme itoshe kulipa deni na kubakiza faida, na pasijengwe tawi lolote ambalo wateja wake hawataweza kurudisha gharama zake. Serikali ilikubali, na kazi ya kuangalia kama masharti yanafuatwa ikapewa Baraza lilelile. Mlinzi wetu, basi, alikuwa ameajiriwa pia kumlinda aliyetukopesha. Hoteli ilikuwa na viyoyozi na majokofu, ikahesabiwa kuwa itarudisha gharama. Mbegani ingewasha taa za kusomea na redio tu, ikahesabiwa kuwa hasara. Mbegani wakitaka tawi, na walichangie wenyewe gharama yote.

Mwalimu alisema kwamba walikwisha kuchangia minazi yao. Mwenyekiti akajibu kwamba mchango wa mteja hutambuliwa ukiwa umepokewa kwa mkataba. Minazi hiyo ilitolewa bure, na kitu cha bure hakihesabiwi katika mtaji. Akauliza mkataba wa transfoma uko wapi.

“Tulisoma Fatiha,” alisema Mwalimu.

Mwenyekiti alitaka kujua imesajiliwa ofisi gani. Ukumbini watu wakacheka, wale waliokuja na magari. Mwalimu hakuwatazama. Alimwomba Bwanaheri asimame aseme kama ilisomwa au haikusomwa.

Bwanaheri alisimama. “Shikamoo, Mwalimu. Ilisomwa, na niliitikia, kama Mwislamu yeyote anavyoitikia dua. Ahadi za Shirika ni zile zilizoandikwa.”

Mwalimu aliitikia marahaba, akakaa.

Benki ya ng'ambo ingetuonea isingekuwa ajabu, haitujui. Waliotukata ni watu wanaozijua Fatiha zetu, wanaotuita ndugu mikutanoni, na ambao hutuhubiria kila siku kwamba njia kuu za uchumi ziko mikononi mwetu. Mwananchi alidaiwa kulipa mara mbili, kwanza kwa mnazi, kisha kwa fedha. Na kwa kuwa laini ile haikuwagharimu fidia, waliisifu kwamba imejengwa kwa bei nafuu.

Tangu siku ile Mwalimu hakushuhudia tena mauzo. Waliomwita aliwaelekeza kwa mwandishi wa mahakama.

Maradhi yalimwanza mwaka 1972: miguu ilivimba na pumzi zikawa fupi. Alitibiwa hospitali ya Bagamoyo na baadaye Muhimbili, lakini moyo ulikuwa umechoka. Mwishoni mwa mwaka jana, akitembea kwa mkongojo, alipita kwa kila aliyekatiwa mnazi kuomba radhi, kwa kuwa walimfuata yeye, si Shirika. Wote walimpa, isipokuwa Bi Chausiku.

“Sikusamehe, Mwalimu,” alimwambia mlangoni. “Nikikusamehe wewe, Bwanaheri atapata usingizi.”

Mwalimu alirudi nyumbani, na hilo ndilo lililomnyima raha mpaka mwisho. Alimuuliza mkewe mara nyingi kama Bi Chausiku ameleta neno. Alifariki alfajiri ya Ijumaa tarehe 18 Januari 1974, wiki mbili baada ya Idi Kubwa. Neno lilikuwa halijaja.

Alizikwa siku ileile baada ya sala ya Ijumaa. Kabla jeneza halijainuliwa, imamu aliuliza, kama ada, kama yupo mwenye haki yake kwa marehemu. Kisha Bi Chausiku alisogea mlangoni kutoka upande wa wanawake.

“Mwinshehe hana deni langu,” alisema. “Alidanganywa pamoja nami. Aliyetudanganya nimemwona uani, amevaa kanzu nyeupe.”

Bwanaheri alikuwa amekuja na gari la Shirika. Njia nzima kwenda makaburini alifanya kama tufanyavyo sote, alisogea chini ya jeneza na kumgusa aliye mbele begani ili apishwe naye apate zamu yake ya kubeba. Alimgusa mmoja, akamgusa mwingine, wazee na vijana. Hapana aliyempisha.

Marehemu ameacha mjane, Bi Mardhiya binti Alawi. Watoto watatu, Ashatu, Alawi na Dija. Mdogo wake, Mzee Mtoro bin Msabaha. Wajukuu tisa, na wanafunzi ambao idadi yao aliijua mwenyewe.

Mwenyezi Mungu amsamehe, amkunjulie kaburi lake, na amtilie humo nuru isiyoombwa kwa Baraza lolote. Amina.