Fundi Kiganja na Ukuta wa Magharibi

Ndugu waombolezaji, kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Kiganja, alizaliwa tarehe 9 Machi 1954, mtoto wa nne wa mpishi wa hospitali, akasoma shule ya msingi nyuma ya kituo cha treni kuanzia 1962 hadi 1968, na huko ndiko alikoanza tabia ya kuweka kiganja ukutani kabla ya kukaa, akitafuta penye ubaridi, walimu wakidhani anakwepa masomo, na tusifichane, mara nyingine alikuwa anakwepa.

Mwaka 1971 aliajiriwa kujenga vyumba vya baridi, na tarehe 2 Juni 1976 akakabidhi chumba cha dawa cha zahanati, ambacho kuta zake alizijaza pamba ya vioo kwa kuishindilia kama anajaza gunia, kumbe kinachozuia joto ni hewa iliyotulia ndani ya pamba, naye alikuwa ameikamua yote. Dawa ziliharibika, akakiri bila kumsingizia mtu, akabomoa na kujenga upya, na tangu hapo kila mwanafunzi wake alisikia neno moja, usishindilie.

Tarehe 14 Agosti 1979 alifunga ndoa na mshonaji wa ovaroli zake, wakajaliwa mabinti watatu, akamwahidi mkewe kuukinga ukuta wa magharibi wa chumba chao, uliokunywa jua mchana na kulitapikia ndani jioni, lakini mganga hajigangi, vyumba vya watu vikapoa na shemeji yetu akachemka miaka arobaini na minne, akilalamika kwa utani ambao haukuwa utani wote.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2023, na alipoambiwa kwamba muda ni mchache, hakuomba kingine ila kuumaliza ukuta ule, na mikono ilipokataa aliketishwa mlangoni akaelekeza, mabinti wakipiga mbao, mkewe akijaza pamba, na kila mkewe alipotia nguvu, marehemu aliinua kidole, naye mkewe akalegeza. Waliumaliza Jumanne. Alhamisi tarehe 8 Februari 2024, saa kumi alasiri, jua likiupiga ukuta kwa nje, shemeji alikishika kiganja cha mumewe akakiweka ukutani, ukuta ulikuwa baridi, marehemu akatabasamu, na hapo hapo akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliozivumilia nyundo zetu, na mafundi wenzake, na ninyi mtakaoshika koleo leo, shemeji ameniomba niwaambie, udongo msiushindilie.

Pumzika kwa amani, kaka, ukuta umepoa.